Kwa Nini Maabara Hutuambia Tungoje: Habari ya Kutenga Viini vya Maradhi

Mfugaji mwenye ng'ombe wa maziwa ayajua vizuri mashaka haya. Asubuhi akamua, na katika chuchu moja yatoka maziwa yenye mabonge, tena kiwele kimevimba na kina moto. Apeleka maziwa kidogo kwa daktari wa mifugo, naye daktari ayapeleka maabara. Jibu analopewa ni kwamba angoje siku mbili au tatu. Mfugaji arudi nyumbani akinung'unika. Ng'ombe ni mgonjwa leo, maziwa yamwagwa leo, na ada ya shule ya watoto yatoka katika maziwa hayo hayo. Kwa nini basi mtu aliyesoma, mwenye hadubini mezani pake, asitazame mara moja akasema ugonjwa ni upi?

Swali hili ni la haki, na jibu lake lafaa kujulikana na kila mtu, awe mkulima au karani. Maana asiyelijua huenda dukani akanunua dawa ya sindano kwa kubahatisha, na hasara ya kubahatisha aghalabu ni kubwa kuliko hasara ya kungoja.

Yatupasa kwanza tujue bakteria ni kitu gani. Ni viumbe hai, kila mmoja ana chembe moja tu ya mwili, na wengi wao urefu wao ni kama sehemu moja au mbili za milimita iliyogawanywa mara elfu. Hatuwaoni kwa macho, lakini wapo mikononi mwetu, katika udongo, katika vumbi la zizi, katika maji ya mto na juu ya ngozi ya ng'ombe. Walio wengi hawatudhuru, na baadhi yao hutusaidia sana. Wachache ndio waletao maradhi. Basi tone moja la maziwa ya kiwele kibovu laweza kuwa na kiini kilicholeta ugonjwa, pamoja na wengine watano au sita walioingia kutoka mkononi, mkiani, au katika chupa isiyooshwa vizuri. Chini ya hadubini wote huonekana kama vijiti au vidonge vidogo. Wawili wasiohusiana kabisa waweza kufanana kama kunde na kunde. Kwa kuwatazama tu, mtaalamu hawezi kusema ni yupi mwenye hatia.

Mkulima atalielewa jambo hili upesi kwa mfano wa mbegu. Ukipewa gunia la mahindi yaliyochanganyika, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ukayapanda pamoja, huwezi kusema mbolea fulani yafaa mbegu fulani. Kitakachoonekana shambani ni mchanganyiko, na mchanganyiko hautoi ushahidi. Yakubidi utenge kwanza aina moja, uipande peke yake, ndipo uijue tabia yake. Kazi ya maabara ni hiyo hiyo. Wataalamu hutaka wapate kundi la bakteria ambao wote ni uzao wa mmoja, bila mgeni hata mmoja kati yao. Kundi la namna hiyo ndilo liitwalo uotesho safi.

Jambo hili halikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1878 Joseph Lister, daktari Mwingereza aliyejulikana kwa kuwafundisha wapasuaji kutumia dawa za kuua viini, alitaka kujua ni kitu gani kigandishacho maziwa. Alichukua maziwa yaliyochacha, akayazimua kwa maji yaliyochemshwa, tena na tena, hata akakadiria kwamba tone moja lingekuwa na bakteria mmoja tu au lisiwe naye kabisa. Matone hayo aliyatia katika vikombe vya maziwa yaliyochemshwa. Vikombe vingine havikugeuka, na vingine viligeuka vikaganda. Kwa njia hiyo alimpata bakteria agandishaye maziwa akiwa peke yake. Mpaka leo viwanda vya maziwa hutumia uotesho wa bakteria wa jamii hiyo kutengenezea maziwa lala na jibini, ili ladha ya leo iwe sawa na ya jana.

Njia ya Lister ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya kuotea. Maana katika maji au supu bakteria huogelea na kuchanganyika, na yule azaaye upesi huwafunika wenzake. Aliyeupata ufumbuzi mkubwa ni Robert Koch, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1843. Alikuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo uitwao Wöllstein, ambao leo umo nchini Poland. Huko, mwaka 1876, alionyesha jinsi kiini cha kimeta kiishivyo na kujigeuza kuwa mbegu ngumu zinazoweza kudumu udongoni muda mrefu. Baadaye aliona kwamba kipande cha kiazi kilichopikwa kikiachwa wazi huota madoa madogo ya rangi mbalimbali, na kila doa lina bakteria wa aina moja tu. Akatambua maana yake: juu ya kitu kigumu bakteria hawezi kuhama. Pale alipoangukia ndipo azaapo, na watoto wake hukaa naye kama ukoo katika boma moja.

Lakini viini vingi vya maradhi havikipendi kiazi. Kwa hiyo Koch alichanganya supu ya nyama na jelatini ili igande, na mwaka 1881 aliionyesha njia yake mjini London mbele ya wataalamu wa nchi nyingi, akiwamo Louis Pasteur wa Ufaransa. Hata hivyo jelatini ilikuwa na kasoro mbili. Huyeyuka katika joto la mwili, yaani nyuzi 37, joto lile lile ambalo viini vya maradhi ya watu hulipenda. Tena bakteria wengine huila wakaifanya maji.

Aliyeondoa taabu hiyo hakuwa profesa. Alikuwa bibi mmoja aitwaye Fanny Hesse, ambaye mumewe Walther Hesse alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Koch. Bwana alikuwa akihangaika na jelatini yake iliyoyeyuka wakati wa joto, naye bibi akamshauri atumie agari, kitu kitokacho katika mwani wa baharini, ambacho yeye alikuwa akikitumia jikoni kugandishia vyakula vitamu. Habari ya agari aliipata ujanani kwa jirani aliyewahi kukaa Java, ambako watu huitumia katika mapishi. Agari ikisha kuganda haiyeyuki mpaka ifikie joto la nyuzi 85 hivi, na bakteria wengi hawawezi kuila. Koch aliitumia, akaitaja kwa maneno machache mwaka 1882, wala hakumtaja bibi huyu. Leo ni vigumu kuipata maabara ya bakteria isiyotumia agari. Mwaka 1887 Julius Richard Petri, msaidizi wa Koch, aliandika habari ya sahani yake ya kioo yenye kifuniko, ambayo mpaka leo yaitwa kwa jina lake.

Matunda ya njia hiyo yalionekana upesi. Tarehe 24 Machi mwaka 1882 Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekipata kiini cha kifua kikuu na kukiotesha peke yake. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel. Alifika hata kwetu Afrika Mashariki: mwaka 1906 na 1907 alikaa katika visiwa vya Ssese, katika Ziwa la Viktoria upande wa Uganda, akishughulika na ugonjwa wa malale. Huko aliwapa wagonjwa dawa iitwayo atoksili, na baadhi yao walipofuka macho kwa dawa hiyo. Hili nalo lina funzo: kukijua kiini cha ugonjwa ni jambo moja, na kuipata dawa iliyo salama ni jambo jingine.

Sasa tuingie maabara tuone kazi yenyewe. Mtaalamu huanza kwa kupika chakula cha bakteria, supu yenye agari, katika chungu cha mvuke kilichofungwa, joto la nyuzi 121 kwa muda wa dakika 15, ili kisibaki kiini chochote kilicho hai. Humimina chakula hicho katika sahani zilizo safi kabisa, kikaganda. Kisha hushika waya wenye kitanzi kidogo nchani, akautia katika mwali wa moto hata uwe mwekundu, akaungoja upoe. Asipongoja, atawaunguza wale anaowatafuta.

Huchovya kitanzi katika maziwa ya mgonjwa, akachora mistari iliyosongamana katika sehemu moja ya sahani. Huunguza waya tena. Huizungusha sahani kidogo, akagusa mistari ile ya kwanza mara moja au mbili, akachora mistari mipya katika sehemu ya pili. Huunguza tena, akafanya hivyo sehemu ya tatu, na ya nne. Kila mara huchukua bakteria wachache zaidi kuliko mara iliyotangulia. Ni kama mtu apandaye ulezi kwa mkono: mwanzo wa shamba mbegu huanguka kwa wingi, na akifika mwisho kiganja kimebaki na chembe chache, nazo huanguka mbali mbali. Kazi yote ni kuwaachanisha hawa, hata mmoja apate mahali pake peke yake.

Sahani hufunikwa, hugeuzwa chini juu ili matone ya jasho la kifuniko yasiwadondokee bakteria na kuwachanganya, kisha hutiwa katika kabati la joto la nyuzi 37 mpaka kesho yake. Humo bakteria hugawanyika wawili wawili. Aina iitwayo *Escherichia coli*, ikaayo katika matumbo ya watu na wanyama, ikipata chakula kizuri hugawanyika kila dakika 20. Karani mwenye kalamu na ahesabu: baada ya saa 10, mmoja amekwisha kuwa zaidi ya milioni elfu. Ndiyo maana kitu kisichoonekana jioni huonekana asubuhi kama doa dogo, na wataalamu huliita koloni.

Asubuhi ya pili mtaalamu hutazama madoa hayo umbo lake, rangi yake, na kama yang'aa au la. Madoa yakiwa ya namna mbili, ajua kwamba bakteria ni wa aina mbili walau. Hapo huchagua doa moja lililo mbali na mengine, akaligusa kwa waya, akalichora upya katika sahani nyingine. Mnung'unikaji atauliza, 'Kwa nini tena? Si amekwisha kulipata?' La, hana hakika bado. Huenda bakteria wawili waliangukia mahali pamoja wakaota doa moja, au mmoja amejificha chini ya mwenzake. Sahani ya pili ikitoa madoa ya namna moja tu, na rangi ya hadubini aliyoivumbua Hans Christian Gram mwaka 1884 ikionyesha umbo moja tu, ndipo mtaalamu hutia sahihi yake. Basi, ndugu msomaji, hizo ndizo siku mbili au tatu ulizoambiwa ungoje. Si uvivu wa watu wa maabara. Ni muda wautakao bakteria kuota, mara moja na tena mara ya pili.

Ziko hila nyingine za kuharakisha utafutaji. Agari yaweza kutiwa vitu wasivyovipenda bakteria wa aina fulani. Ile iitwayo MacConkey ina chumvi za nyongo, nazo huwazuia bakteria wengi wasiokaa matumboni. Tena ina sukari ya maziwa na rangi, hata *E. coli* huota madoa mekundu, na wale wa homa ya matumbo huota madoa yasiyo na rangi. Kwa ugonjwa wa kiwele hutumiwa sana agari iliyotiwa damu, maana baadhi ya viini vyake huiyeyusha damu hiyo na kufanya duara kulizunguka doa.

Kisha huja faida iliyo kubwa kwa mfukoni mwa mfugaji. Uotesho safi hupakwa juu ya sahani nzima, na vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali huwekwa juu yake. Kesho yake, dawa iliyo na nguvu huwa imefanya duara tupu kuizunguka karatasi. Dawa isiyofaa, bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi. Duara hupimwa kwa milimita na kulinganishwa na jedwali. Kama uotesho si safi, jaribio zima ni uongo, maana aina moja yaweza kufa na nyingine ikaota, na daktari asijue ni ipi yenye ugonjwa. Penisilini ni dawa kubwa, tangu Alexander Fleming alipoona mwaka 1928 kwamba kuvu lililoanguka katika sahani yake limewaangamiza bakteria wa jirani. Lakini bakteria wengi wa siku hizi wamekwisha kuizoea. Mwenye kuchoma sindano kwa kubahatisha aweza kupoteza fedha, akampoteza ng'ombe, na zaidi ya hayo akawafundisha bakteria wa zizi lake kuishinda dawa ambayo kesho ataihitaji kwa mtoto wake.

Isidhaniwe kwamba kila kiini huota kwa siku moja. Kiini cha kifua kikuu ni kivivu; hugawanyika mara moja tu kwa muda wa saa 15 hadi 20, na juu ya chakula kigumu huchukua majuma 3 hadi 8 kuonekana. Siku hizi ziko mashine zinazotafuta alama za kiini hicho katika makohozi na kutoa jibu kwa saa chache, nazo zimeokoa watu wengi. Hata hivyo uotesho bado watakiwa, hasa pale inapotakiwa kujua kama dawa zamfaa mgonjwa. Na kiini cha ukoma, alichokiona Hansen wa Norway mwaka 1873, hakijakubali kuoteshwa katika sahani mpaka leo.

Wala kazi hii si ya maradhi tu. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck aliwatenga bakteria wakaao katika vifundo vya mizizi ya jamii ya kunde, wale waichukuao naitrojeni ya hewa na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kwa kuwa waliweza kutengwa, wamechaguliwa walio bora na kuzalishwa kwa wingi, na leo mkulima wa maharagwe au soya aweza kununua pakiti yao akawachanganya na mbegu zake kabla ya kupanda.

Sasa tuje kwenye wajibu wetu, maana maabara haiwezi kutenga vizuri kitu kilichoharibiwa nyumbani. Mwenye ng'ombe wa kiwele kibovu na afuate haya. Atwae maziwa ya kupimwa kwanza, na dawa baadaye. Dawa ikitangulia, viini vyaweza kukataa kuota ingawa ugonjwa upo. Kama ng'ombe ana homa kali au amekataa kula, amwite daktari siku ile ile, naye huenda akaanza dawa mara tu maziwa yakisha kutwaliwa. Anawe mikono kwa sabuni. Aioshe chuchu na kuikausha, akamue michirizi mitatu au minne ya kwanza na kuimwaga mbali, kisha aifute ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti. Chupa iwe safi, iliyotolewa na daktari, na ishikwe kwa kuinamishwa ili vumbi na manyoya visiingie. Maziwa machache yatosha. Aifunge mara moja, aiweke penye baridi, aifikishe siku ile ile kama yawezekana.

Kisha aandike juu ya chupa jina lake, jina au namba ya ng'ombe, chuchu ipi, na tarehe. Hapa ndipo makarani wanapohusika. Kibandiko kilichokosewa kitampa ng'ombe wa mtu mmoja dawa ya ng'ombe wa mtu mwingine, na usafi wote wa maabara hautaweza kulisahihisha kosa hilo.

Wakati wa kungoja, ng'ombe mgonjwa akamuliwe wa mwisho, na maziwa yake yasimwagwe sakafuni mwa zizi. Akisha kupewa dawa, maziwa yasiuzwe wala yasinywewe mpaka siku zilizoandikwa juu ya dawa zitimie.

Neno la mwisho ni la kimeta. Mnyama akifa ghafula, na damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, asipasuliwe wala asichunwe, wala nyama yake isiliwe. Mzoga ukifunguliwa, viini hupata hewa na kugeuka zile mbegu ngumu alizoziona Koch, nazo zaweza kukaa malishoni miaka mingi. Aitwe daktari wa mifugo. Yeye ndiye ajuaye jinsi ya kutwaa damu kidogo kwa ajili ya maabara, na jinsi mzoga utakavyozikwa au kuchomwa.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Kiini ni kidogo kuliko mwiba, lakini kimekwisha kuwaondolea watu mazizi mazima. Mwenye kupeleka chupa safi, akaiandika vizuri, akangoja siku zake mbili au tatu, atarudi nyumbani na jina la adui yake na jina la dawa imwezayo.